Nilimwambia Mama Amekosea Namba

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Kwetu ni Makete, kwenye baridi na viazi. Wasomaji wenzangu, ninayowaandikia hapa niliyabeba peke yangu kwa muda mrefu...

Nilikuwa na mchumba. Barua ya posa ilishapokelewa nyumbani. Kisha akaanza kuadimika, wiki moja haji, wiki ya pili hapigi simu. Nilipofuatilia, nikaambiwa anamwoa Neema, mdogo wangu wa kunifuata, ambaye tayari alikuwa na mimba yake.

Kilichonivunja zaidi ni mama. Alijua, akaninyamazia. Siku ya harusi alivaa kitenge cha sare, akakaa mbele. Nilipomuuliza, alijibu, "Wote ni wanangu. Ningemtupa yupi?"

Nikamjibu kwamba basi mimi ajihesabie nimekufa.

Niliomba uhamisho, mbali kadiri ilivyowezekana. Nikapewa Kigoma, na kutoka mjini boti ikanishusha huku. Nilibadilisha laini ya simu. Kanisani pia nikaacha kwenda, maana niliona Mungu naye alikaa upande wa Neema.

Upweke niliujua huku. Jioni wenzangu walizungumza Kiha na kucheka, mimi nikakaa mlangoni natazama dagaa walioanikwa mchangani. Nilijiambia hiyo ndiyo amani. Ilikuwa amani gani, ndugu zangu?

Siku moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, simu yangu iliita. Namba niliifahamu kabla sijapokea, ila yangu mpya sijui aliipata kwa nani.

"Haloo? Ni Tumaini?" Ilikuwa sauti ya mama, imepungua, kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Umekosea namba," nikasema.

"Haya... samahani, mwanangu," akasema, akakata.

Nilirudi darasani nikafundisha. Nilijiona shujaa.

Miezi mitatu baadaye Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. Neema, ambaye hakuwa na namba yangu mpya, alikuwa amenitafuta siku nyingi, hadi kwa mwalimu niliyesoma naye chuo. Mama alikuwa amefariki. Walinisubiri, wakashindwa, wakamzika. Mimi naambiwa, ana siku sita kaburini.

Sikulia. Nilimshukuru Mwalimu Mkuu, nikaenda kumalizia hesabu za sehemu na watoto wa darasa la tano. Ningemlilia nani, wakati nilishajitangaza kuwa maiti?

Jirani yangu, Mama Nestori, mama wa makamo anayeuza dagaa, alikuja siku ile ile na kina mama wanne wa kanisani kwake. Walibeba mikeka na sufuria ya maharage.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Lakini msiba haupo hapa. Upo Makete, na wameshazika."

"Marahaba, Mwalimu. Msiba upo alipo mfiwa," alisema, akatandika mkeka. "*Wihangane*. Jikaze, mwanangu. Mama yako aliitwa nani?"

"Eliza," nikasema.

Wakapiga magoti, na Mama Nestori akaomba, nusu Kiswahili nusu Kiha. Akamtaja Eliza. Katika kijiji kizima hakuna aliyewahi kumwona, lakini wanawake wale walimtaja mbele za Mungu kama mtu wa kwao. Hapo ndipo nilipolia, nikalia hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Walishinda nami siku tatu. Siku ya mwisho nikamwambia Mama Nestori kuhusu ile simu. Nilitaka aniambie kwamba mama hakunitambua.

Aliacha kukunja mkeka. "Siwezi kukudanganya, Mwalimu. Mama huijua sauti ya mwanawe. Lakini hilo hutaliweza peke yako. Njoo tumpelekee Mungu, tena na kesho, mpaka lipungue."

Nikaanza kwenda naye kanisani, jengo dogo la bati ambalo mvua ikinyesha mhubiri hasikiki. Mwanzoni nilikaa tu nyuma. Baadaye niliomba msamaha kwa nilivyomtendea mama, kisha kwa shida kubwa nikaomba nguvu ya kumsamehe Neema. Sala hiyo ilinichukua karibu mwaka. Maumivu hayakuondoka, ila nilijua sasa kuna anayenisikia ninapomwambia Mungu, "Leo siwezi."

Nilipompigia Neema, alisema tu, "Dada," na tukalia wote wawili. Likizo nilisafiri hadi Makete. Nikakaa kaburini kwa mama asubuhi nzima, nikamwambia niliyopaswa kumwambia kwenye simu. Hakujibu, bila shaka. Wafu hawajibu, na hiyo ndiyo adhabu yangu.

Bado niko Kagunga, na bado kuna Jumapili upweke hunikaba katikati ya wimbo. Mungu amenisamehe, naamini hivyo. Lakini msamaha wake haukunirudishia hata dakika moja ya mama.

Wewe unayesoma, pengine umekosewa kweli, kama nilivyokosewa mimi. Kasirika, lia, sema yote yaliyo moyoni... lakini mzazi wako akikuita, itika. Usinifuate nilikopita mimi.