Ujumbe wa Marehemu Kila King'ora Kinapolia

"Ravit, ingia!"

"Samaki wangu wanaungua!"

"Waache waungue! Ingia, nafunga!"

Naor alimdaka mkono, wakatumbukia chumba cha zege, mlango wa chuma ukajifunga puu. King'ora kilikuwa kinalia mji mzima. Hapa kwetu kusini, karibu na mpaka, kikianza kulia una sekunde kumi na tano, basi. Watu wameshatoka bafuni na povu kichwani, na hakuna anayecheka.

King'ora kikanyamaza. Kimya.

Hicho kimya ndicho ninachokichukia mimi. Zamani tulikuwa tunasubiri mlipuko. Kombora letu linapanda, linaigonga roketi huko juu, buum, madirisha yanatetemeka, mtu unajua imekwisha, unarudi kukaanga vitunguu vyako. Siku hizi kuna Tochi. Jeshini ina jina refu, lakini sisi tunaiita Tochi. Ni mashine ya leza iliyopo kule kilimani, inaichoma roketi angani kwa mwale usioonekana wala kusikika. Waliotuletea walisema sasa tutalala vizuri. Sijakataa, imeokoa watu wengi, Mungu awabariki. Ila haikuambii kama imemaliza kazi.

Ravit alikaa sakafuni, mgongo ukutani, harufu ya samaki wa pilipili ikipenya mlangoni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa kucheka sana, lakini humo ndani alikuwa hacheki kamwe. Simu yake ikawaka pembeni ya goti la Naor.

Naor akaiokota, akaitupia jicho. Ilikuwa imeandikwa: "Umeingia?"

Jina la aliyetuma: Doron Wangu.

"Ravit. Doron gani huyu?"

"Nipe simu yangu."

"Nimekuuliza, Doron gani?"

"Unamjua Doron mmoja tu."

"Doron yupo makaburini, huu mwaka wa pili!"

"Naor, alipo napajua. Mimi ndiye mkewe, mimi ndiye niliyemzika."

Naor alipandisha ujumbe kwa kidole, akapandisha tena. Kila king'ora kilicholia mjini kilikuwa na maneno yake. Umeingia? Nimeingia. Umeingia? Nimeingia, na mvua inanyesha, ungeipenda. Umeingia? Nimeingia, nimekukumbuka.

Uso ulimshuka. Naor ni fundi wa mabomba ya umwagiliaji, mwanamume wa jua na tope, na hajazoea kupigwa mahali asipoona.

"Miezi yote hii tumelala kitanda kimoja, na wewe unachati na marehemu?"

"Akiniuliza, namjibu. Basi."

"Ravit, mpenzi wangu, maiti halipii laini! Kuna mtu anakuchezea akili!"

"Simu yake iliungua pamoja naye. Shemeji Yohai aliniambia, mabaki alipewa yeye. Sasa nani ataandika kwa namba iliyoungua?" Akakumbatia magoti. "Halafu hujiulizi? Yohai anakataa kunivulisha, na Doron anaandika kila king'ora. Labda hataki niende kwako."

"Usiseme hivyo."

"Naogopa, Naor. Nampenda maiti na nakupenda wewe, na naogopa wote wawili."

Ngoja niwaeleze hilo la kuvulisha. Kwetu, mume akifa bila mtoto, mjane haolewi tena mpaka ndugu wa marehemu amwachilie mbele ya mahakama ya dini. Shemeji anavaa kiatu maalumu cha ngozi, mjane anakifungua kamba kwa mkono wake, anakivua, anakitupa, anatema mate chini mbele yake na kutamka maneno. Hapo ndipo anapokuwa huru. Shemeji asipotokea, mwanamke atakaa hivyo hivyo mpaka mvi zimtoke. Na Yohai, mdogo wake Doron, alikuwa ameshaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana zamu, mara ya pili homa. Kadi za harusi zilikuwa zimeshatoka.

Yohai alikuwa afisa wa Tochi. Kijana mpole, aliyekonda vibaya tangu msiba.

Muda wa kusubiri ulipopita, Naor alifungua mlango wa chuma, akazima jiko. Akaganda pale na kikaango cheusi mkononi.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa shemeji yako."

"Kufanya nini?"

"Wewe utaongea naye habari za mahakama. Mimi nitabaki garini, nitaipiga hiyo namba."

---

"Karibu, shemeji. Samahani, nyumba fujo."

"Yohai, sikai. Jumatano utakuja mahakamani au hutakuja?"

"Ratiba ya zamu bado..."

"Usiniletee zamu! Nakuomba kitu kimoja tu duniani, unitolee mguu nikuvue kiatu. Nimekukosea nini? Hutaki niolewe? Useme!"

"Naor ni mtu mzuri. Nataka uolewe."

"Sasa?"

Yohai alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, mluzi ukalia ndani ya nyumba.

Ulikuwa mluzi wa Doron, ule ule aliojirekodi kwa utani akauweka kuwa mlio wa simu, na mwishoni kicheko chake kifupi. Ukalia tena. Ulitoka kwenye kabati la vikombe.

"Doron?" Ravit aliita, jamani, kama mtu aliyesikia mumewe anarudi kazini.

Yohai alikuwa ameshaweka mikono kichwani.

Ravit alifungua kabati. Nyuma ya vikombe vya kahawa palikuwa na simu, kioo kimepasuka, waya wa chaji umechomekwa. Kwenye kioo ilikuwa namba ya Naor.

"Uliniambia iliungua."

"Shemeji..."

"Uliniapia! Kwenye siku saba za matanga, umekaa chini mbele yangu, ukaniapia iliungua! Kumbe ni wewe? Wewe ndiye unayeniandikia kama Doron?"

"Ni mimi."

Kofi lilimtoka Ravit kabla hajafikiri. Yohai hakuinua hata mkono.

"Kwa nini? Unanitaka? Ndiyo maana hutaki kuvuliwa?"

"Mungu apishe mbali! Fungua ujumbe wa mwisho. Sio wako, wangu. Nilioutuma mimi kwenda kwake. Ile asubuhi."

Mlango ukasukumwa, Naor akaingia na simu sikioni. Alipomwona Ravit ana simu ile mkononi, akakata. Mluzi ukanyamaza.

Ravit alisoma kwa sauti kavu. "Imeisha. Tokeni."

"Tochi haina mlio," Yohai alisema. "Doron alikuwa ananitania, mashine yenu bubu, mtu atajuaje? Tukakubaliana nikiona roketi imekatika, namwandikia tokeni, ili msikae kule ndani bure. Simu zimekatazwa kule kazini. Mimi naificha kwenye soksi. Nilikuwa najisikia mtu mkubwa, Ravit. Kaka yangu anatoka nje kwa neno langu."

"Endelea."

"Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba. Roketi ya kwanza nilikuwa nimeishika juu ya ukungu, nikaiona imekatika. Nikaandika. Ya pili ikaja chini chini. Tochi kwenye ukungu ni sawa na taa ya gari kwenye vumbi, inaishia pale pale. Makombora yakarushwa, hayakuwahi."

Ravit aliketi kwenye kiti cha jikoni. Asubuhi ile ikamrudia yote. Doron amesimama kwenye mlango wa chuma anatazama simu yake, anatabasamu. Gari lilikuwa linaunguruma nje, hakulizima alipokimbilia ndani.

"Alisema, imeisha, nakwenda kuzima gari," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa natafuta ndala chini ya kitanda. Siku zote nimejiuliza, nani alimwambia imeisha?"

"Ni mimi. Siku ya kwanza ya king'ora baada ya matanga nilishindwa kupumua, sikujua kama umeingia. Kwa namba yangu niliona haya. Nikatumia yake, nikasema mara moja tu. Ukajibu, 'Nimeingia, mume wangu.' Nikashindwa kuacha."

"Na mahakama?" aliuliza Naor. "Mahakama ilikukosea nini?"

"Unayajua maneno anayotakiwa kuyatamka? 'Hivi ndivyo afanyiwavyo mtu asiyejenga nyumba ya ndugu yake.' Na mimi niliyeibomoa nisimame pale niitikie, wazee wananipa pole, na yeye hajui? Nilishindwa, kaka. Kila nikivaa viatu niende, nashindwa."

Ravit alichomoa waya, akaitia simu ya Doron kwenye mkoba. Mlangoni akageuka.

"Sasa najua. Jumatano utakuja."

"Nitakuja."

"Usipokuja, nitakuvua kiatu huko huko kilimani, mbele ya makamanda wako wote."

---

Mahakama ya dini haina mbwembwe. Meza ndefu, marabi wenye ndevu, taa nyeupe inayolialia. Yohai alisimama na mgongo wake ukutani, mguu wa kulia ndani ya kiatu cha ngozi chenye kamba nyingi. Naor alikaa nyuma, kofia magotini.

Ravit alipiga magoti. Kamba zilikuwa zimekazwa, na sheria inataka mkono wa kulia peke yake. Alihangaika nazo. Mguu wa Yohai ulikuwa unatetemeka juu ya sakafu.

"Kaza mguu, kijana," alisema rabi mkubwa. "Ubonyeze chini."

Kiatu kikatoka. Ravit akakitupa mbali, kikaenda kugonga mguu wa meza.

"Sasa mate, binti. Chini, mbele yake. Tuyaone."

Ravit alimtazama Yohai usoni. Siku tatu nzima alikuwa ameilinda hasira yake kwa ajili ya dakika hii. Akatema. Hakikutoka kitu, mdomo ulikuwa umekauka kabisa.

"Hatujayaona. Rudia."

Akarudia. Patupu. Hapo akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwenye matanga wala jikoni. Yohai ana kidevu cha Doron. Machozi yamekitiririkia, na kinatetemeka vile vile kilivyotetemeka cha Doron siku ya ndoa yao. Akalia mpaka mdomo ukalowa, akatema, mate yakaonekana.

"Hivi ndivyo afanyiwavyo," akasema, "mtu asiyejenga nyumba ya ndugu yake."

"Aliyevuliwa kiatu," marabi wakaitikia kwa pamoja, mara tatu, kama desturi. Na Yohai naye aliitikia kwa midomo, bila sauti.

Nje kwenye ngazi Yohai alimsubiri Ravit.

"Asante kwa kuyasema."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Simu ya Doron ninayo mimi. Usiniandikie tena kwa jina lake. Umesikia?"

"Sitaandika tena, shemeji."

"Nimesema kwa jina lake, Yohai. Sikiliza mtu anavyosema."

---

Harusi ilikuwa jioni, jua bado lipo, anga safi kabisa. Yohai hakuja, aliomba mwenyewe apangiwe zamu. Naor aliikanyaga glasi, kama ilivyo ada ya ndoa zetu, ikapasuka, watu wakapiga kelele za pongezi, na kelele zenyewe hazijaisha king'ora kikalia.

Mnajua wenyewe harusi za kwetu. Bibi harusi alibebwa juu juu na shela lake, shangazi na sahani yake ya wali wa binzari, wapiga ngoma na ngoma zao, wote tukasukumana ndani ya chumba cha zege nyuma ya jiko la ukumbi. Mlango ukafungwa. King'ora kikanyamaza.

Kimya kile.

"Tochi imeshaichoma hiyo," alisema mjomba wa Naor, kashika glasi. "Twendeni, nyama inapoa."

"Hatoki mtu," alisema Ravit.

"Binti, mbona kimya kabisa?"

"Mjomba, nimesema hatoki mtu!" Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo umebana komeo, gauni jeupe limeshika grisi, macho yamemtoka. Naor alimfuata, akamshika kiuno.

"Nipo hapa, mpenzi. Nipo ndani. Niangalie."

Simu ya Ravit ikatetemeka kwenye mkono wa Naor, aliyemshikia tangu ndoa ianze. Akaitazama, kisha akampa.

Yohai: "Umeingia?"

Ravit akaandika: "Nimeingia. Tuko wote." Akaupumzisha mkono kidogo, akaongeza: "Tutoke?"

Hakuna jibu. Zile alama za mtu anayeandika zikatokea, zikapotea, zikatokea tena. Mtu asiyejua angesema mtandao unasumbua. Lile neno "tokeni" Yohai hakuwa amemwandikia mtu yeyote tangu asubuhi ile ya Doron.

Kisha: "Bado. Kuna ya pili."

"Bado," Ravit akatutangazia. Mjomba akaweka glasi chini.

Tulisikia vitu vikidondoka juu ya bati la jiko, ka, ka, kaka, kama mtu anamwaga misumari. Kipande kimoja kikubwa cha roketi kikabamiza uani, pale pale watu walipokuwa wanachezea ngoma. Shangazi akaanza kuomba dua. Ravit alikuwa hatazami mtu, anatazama simu tu, na Naor anaitazama pamoja naye, bega kwa bega.

Alama zikatokea. Zikapotea. Muda ukapita, mtoto mmoja akalia njaa.

Ndipo likaja, neno moja peke yake: "Tokeni."

Ravit alilisoma, akafuta uso kwa shela. Akamwandikia, "Asante, shemeji. Chakula chako tutakuwekea." Halafu akamshika mumewe mkono, akavuta komeo, wakatangulia wao kutoka.