Nimepata Jiko

"Wewe ndiye Natalia?"

Mwanamume aliyesimama mlangoni alikuwa mgeni kabisa. Mashavu yake yalikuwa yamebabuka kwa baridi, na begani alibeba koti jekundu nene kama godoro, wakati mji mzima wa Euless, Texas, siku hiyo ya Februari ulikuwa umetoka na kaptula.

"Inategemea nani anauliza," Natalia alijibu. Mkononi alishika mkasi. Alikuwa akikata vipande vipande kadi za kitchen party yake mwenyewe, moja baada ya nyingine.

"Naitwa Kipngeno. Nime-drive kutoka Stafford tangu saa moja asubuhi. Nilikuwa na Leonce kule Ncha ya Kusini, kwenye kituo cha utafiti. Mimi ni fundi wa majenereta."

Mkasi ulisimama.

"Dada Flaviana, njoo uone! Bwana harusi katuma mshenga!"

Flaviana, dada yake mkubwa, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwache aingie. Nataka kumwona anavyosema bila kuona haya."

Kipngeno alivua viatu, akawatazama kwa zamu.

"Leonce aliniandikia juzi. Anasema umem-block, na hajui kosa lake ni kubwa kiasi gani."

"Hajui?" Natalia alimsukumia simu. "Soma mwenyewe, kaka. Soma kwa sauti."

Ujumbe ulikuwa wa siku kumi na moja nyuma.

"'Nimepata jiko huku,'" Kipngeno alisoma. "'Sirudi na ndege ya leo. Nabaki mpaka Novemba. Nitakueleza. Nisamehe.'"

"Harusi yetu ni Aprili!" Natalia alimwelekezea mkasi. "Shangazi zangu wote wana vitenge vya sare. Na yeye ananiandikia amepata jiko! Ni nani huyo? Mwanasayansi? Mzungu wa kupima barafu?"

Kipngeno aliusoma tena kimyakimya. Akauma mdomo. Akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unacheka nyumbani kwetu?" Flaviana aliinua mwiko.

"Aki pole, madam. Pole sana. Lakini jiko ni jiko! La kupikia! Lenye masufuria!"

"Unasemaje?"

"Si Leonce alikuwa anaosha vyombo? Siku ya ndege ya mwisho mpishi mkuu alishikwa na ugonjwa wa moyo, akapakiwa kwenye ndege hiyo hiyo niliyorudi nayo. Baada ya hapo hakuna ndege mpaka Novemba, baridi hairuhusu. Watu arobaini na wawili wanabaki, na hakuna anayejua kupika zaidi ya kuchemsha mayai. Bosi akamwuliza Leonce, utachukua jiko? Akapewa saa mbili za kujibu."

"Na kusema kwamba amepata jiko, mtu mzima, Mtanzania, hakujua maana yake?" Natalia aliuliza.

"Hata kwetu Kenya maana yake ni kuoa. Lakini aliandika na unga mikononi, watu wamejipanga na sahani. Hakufikiria."

Flaviana alianza kucheka. Alicheka akijipiga paja kwa mwiko.

"Mama yangu! Na mimi nimeshamtangaza kwenye group la Watanzania wa Dallas nzima! Watu wamempongeza!"

Natalia hakucheka.

"Kwa hiyo hana mwanamke?"

"Hana."

"Basi ni vibaya zaidi."

"Vibaya vipi tena?" aliuliza dada yake.

"Mwanamke ningesema kamchanganya akili. Kumbe kaniacha kwa ajili ya sufuria! Kwa akili zake timamu!"

Kipngeno aliacha kutabasamu. Akatazama saa ya ukutani.

"Leo ni Jumamosi. Aliniambia mna jambo lenu la saa saba."

Natalia aliinamisha macho. Oktoba, uwanja wa ndege, waliahidiana kitu kidogo, nusu kwa utani: kila Jumamosi saa saba mchana Leonce atapiga, yeye atapokea, na hakuna atakayekata. Kule kituoni mawasiliano ni pale tu setilaiti inapochomoza. Ikizama, yenyewe ndiyo ikate. Hata wakigombana.

"Jumamosi iliyopita sikupokea kwa sababu nilijua ni mume wa mtu," alisema taratibu.

"Usimfungulie," Flaviana alionya. "Aonje. Tena una shifti hospitali saa nane, Fort Worth. Ukichelewa tena, msimamizi wako anakuandikia barua. Alikwambia mwenyewe."

Natalia alichukua simu. Akamfungulia.

Saa saba na dakika moja, iliita. Akaweka spika.

"Natalia?" Sauti ya Leonce ilikuwa ya mbali, yenye mkwaruzo. "Natalia wangu, asante kwa..."

"Usiniite wako. Kipngeno amefika. Jiko nimelielewa."

"Nisamehe. Sikujua neno lile litasomeka..."

"Nani anazungumzia neno? Ulipewa saa mbili. Mbona hukuniuliza?"

"Setilaiti ilikuwa haijachomoza. Ilipotokea nilikuwa nimeshajibu."

"Basi ungejibu hapana!"

"Niwaache watu arobaini na wawili? Natalia, mwaka juzi barafu ilipofunga barabara, ulibaki wodini siku mbili kwa sababu wenzako hawakufika. Siku yangu ya kuzaliwa. Nilikula keki peke yangu."

"Lakini nilikupigia kabla sijakubali!" Natalia alipiga meza, vipande vya kadi vikaruka. "Nilikuuliza, ukaniambia baki. Unajua wewe ungenipigia ningesema nini?"

Hakumsubiri ajibu.

"Ningesema baki! Ndiyo maana nina hasira, Leonce. Ningesema baki, na ungekuwa uamuzi wetu sote wawili. Sasa ni wako peke yako, na mimi ndiye ninayekata kadi."

Kutoka upande wa pili wa dunia kulisikika pumzi nzito.

"Sina la kujitetea," alisema. "Huku ni Jumapili asubuhi, siku yangu pekee ya kuchelewa kuamka. Nimemwachia mwenzangu zamu zangu mbili za kuoga za wiki, za dakika mbili mbili kwa mgao wa maji, ili anipe nafasi yake ya simu."

"Mpishi haogi?" Flaviana alidakia.

"Shikamoo, dada. Najifuta kwa kitambaa."

"Marahaba. Uchafu wako kaa nao huko."

"Sijakusamehe," Natalia alisema.

"Najua."

"Na sijui kama Novemba utanikuta."

"Najua."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Flaviana aligonga saa yake ya mkononi, akanong'ona, "Barua! Kata, uende!"

Kidole cha Natalia kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Kilisimama hapo.

Aliilaza simu mezani, spika ikiwa wazi. Hakukata. Leonce naye hakukata. Baadaye ilianza kusikika sauti ya unga ukikandwa: pu, pu, pu. Mkate wa watu arobaini na wawili.

Natalia alivaa sare yake ya hospitali, akafunga kamba za viatu, akaketi mbele ya simu, uso bado umekunjwa. Kadi mbili zilikuwa hazijakatwa. Aliziacha hivyo hivyo.

Saa saba na dakika hamsini na mbili mkwaruzo ulizidi, ukapungua, ukaisha. Setilaiti ilikuwa imezama.

Ndipo aliposimama na kuchukua funguo za gari.