Tundu la Kipanya Halichongwi

Mwanangu ni fundi seremala. Kwake, kitu kisichoingia tunduni huchongwa mpaka kiingie. Siku ile nusura aichonge kompyuta.

Mjukuu wangu alikuwa anaandika barua ya kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa saa tisa alasiri hiyohiyo. Saa tano, kipanya kikafa. Mshale ukaganda kwenye kioo.

"Baba, barua sijaihifadhi! Kompyuta ikizimika, yote imepotea."

Baba yake akatoka mbio, akarudi na kipanya kipya. Ncha ya waya wake ilikuwa bapa. Tundu la kompyuta yetu kuukuu ni la duara. Akashika tupa.

"Napanua tundu kidogo tu."

"Baba, usiguse!"

Nikaenda kumwita jirani yetu karani. Alikuwa mezani. Akaacha sahani yake, akaja mikono ikidondosha maji.

"Jirani, weka tupa chini," alisema. "Hiki si kitasa cha kabati."

"Sasa nifanyeje? Muda unakwenda!"

"Kwanza tuokoe barua." Akamgeukia mjukuu wangu. "Kibodi ni nzima. Bonyeza Ctrl, usiiachie, kisha S. Ipe jina. Sasa Enter."

Barua ikahifadhiwa.

"Kompyuta nyingine zina matundu ya duara na bapa pia. Hii yenu ina ya duara tu," karani alimweleza mwanangu. "Nenda dukani na kipanya kilichokufa. Linganisha ncha kwa ncha. Na tusichomeke kipanya kompyuta ikiwa inawaka, tutaiunguza."

Akaizima kwa kibodi. Moyo wangu ulizimika nayo.

Muuza duka alibadilisha kipanya bila kununa. Saa nane na nusu, mwanangu alichomeka taratibu, vijipini vya ncha vikiwa vimenyooka, bila kulazimisha. Tukawasha. Ikakoroma, ikakawia, kioo kikabaki cheusi.

"Mama, imekufa?" mwanangu alininong'oneza.

"Ngoja, mwanangu."

Kioo kikawaka. Mshale ukasogea. Barua ilikuwepo, neno kwa neno. Printa ikaitoa, na mtoto akatimua mbio kuipeleka chuoni.

Tukimsubiri, mwanangu aliandika kwenye boksi la kipanya: "Ncha duara. Zima kwanza." Akaliweka juu ya kompyuta.

Mtoto alirudi anahema, mikono mitupu.

"Wameipokea, bibi."

Hapo ndipo nilipokumbuka kukaa.