Kiota Kilichopungua

Mama yake Chiriku alikuwa mfuatiliaji wa gorila. Wanyama hao hulala mahali papya kila usiku, kila mmoja akijitandikia majani, kwa hiyo asubuhi mama alihesabu viota walivyoviacha na kuandika daftarini. Jumamosi jioni, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa mdomo usiojua kupumzika, alilichungulia daftari. Ijumaa viota kumi na moja. Jumamosi kumi.

"Mama, mmoja hayupo."

Mama alikuwa ameshasinzia kitini. Chiriku akajijibu mwenyewe. Asubuhi ile alimwona jirani yao, mrina asali, akitoka msituni na gunia lililofungwa mdomo, likinguruma ndani. "Kaa mbali, mwanangu," alimwambia, akapita upesi. Mtu asiye na la kuficha angemfukuza mtoto njiani?

Jumatatu asubuhi darasa zima lilijua kwamba mrina asali ameiba mtoto wa gorila. Mchana habari zilikuwa zimeenea kijijini, na saa kumi jioni mkuu wa askari wa msitu alikuwa mlangoni kwa mzee huyo, ameshachukua kibali chake. Bila kibali hicho mzee asingeruhusiwa tena kuifikia mizinga yake msituni.

Mama alifika mbio. "Nani kasema gorila kaibwa?"

Watoto waliokuwa wamekusanyika pale wote wakamtazama Chiriku.

"Viota vilikuwa kumi, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Na chini yake niliandika nini?"

Huko hakuwa amesoma. Mama akafungua daftari: "Kiota cha nane, kinyesi kikubwa na kidogo. Mtoto kalala na mama yake." Akamgeukia Chiriku. "Gorila huyo mdogo ana miaka minne. Anajua kujitandikia, lakini usiku ule ulikuwa wa mvua na baridi, akarudi kwa mama. Kama wewe tu."

"Na gunia?" mkuu aliuliza, bado ana shaka.

"Kundi la nyuki," mrina asali alijibu. "Wamo kwenye mzinga nyuma ya nyumba. Nenda kawaangalie, mkuu. Mimi nakusubiri hapa."

Mkuu akazunguka nyuma, akawasikia nyuki wakivuma mzingani, akarudi na kumrudishia kibali. Chiriku aliona aibu hadi machozi yakamlenga. "Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila tangu mchana hakuna aliyenisalimia."

Mama akamshika bega. "Kushuku si kosa, mwanangu. Kosa ni kuacha kutafuta ukishapata jibu unalolitaka. Darasani mko arobaini, na kila mmoja ameupeleka uongo wako kwao. Utakwenda nyumba hadi nyumba, ukaseme ukweli."

Ilimchukua siku nne.