Barua ya Mwalimu Emukule

Kila Jumanne na Alhamisi, Benta alipofika nyumbani kutoka shuleni, hakupata hata nafasi ya kuvua sare. Mdogo wake Methuselah alimng'ang'ania miguuni akililia chakula, mtungi ulikuwa mtupu, na sufuria za mchana zilimngoja nje zikizungukwa na inzi. Ndani, mama yake, Apolot, alikuwa mezani na Mwalimu Emukule, akifundishwa hesabu.

Hayo yalianza mwaka 1976, Benta akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa akifagia na kupiga deki katika zahanati moja hapo Malaba. Alitamani sana kusomea uuguzi, lakini hakuna chuo kilichompokea mtu asiye na cheti cha Kidato cha Pili, naye alikuwa ameishia darasa la saba. Basi akaamua kusoma nyumbani kwa msaada wa Mwalimu Emukule na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba, aliyefanya kazi ya reli Eldoret na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikubali. Benta hakuulizwa.

Kisimani, wenzake walimchokoza. "Benta, mama yako atashonewa sketi ya shule lini?" Zulaika aliuliza siku moja, na wasichana wote wakaangua kicheko. Benta alicheka nao, lakini alirudi nyumbani roho ikimuuma, maji yakimmwagikia mgongoni.

Jumatano moja, Mwalimu Emukule alipita akamkuta Benta peke yake na mtoto. Alikuwa na haraka.

"Mpe mama barua hii leo hii," alisema. "Kesho sitakuja, nina mkutano Amagoro. Usisahau, Benta. Ni jambo kubwa."

Benta aliifungua barua. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba uandikishaji wa watahiniwa ungefungwa Ijumaa saa nane mchana katika ofisi ya elimu, Busia. Mama alitakiwa aende mwenyewe, achukue cheti chake cha darasa la saba, na atie sahihi.

Methuselah alikuwa akilia. Ugali ulikuwa ukishika chini. Benta aliikunja ile barua, akaisukuma katikati ya daftari lake la jiografia. Hakumwambia mama neno. "Asipofanya mtihani," alijiambia, "tutarudi kuishi kama watu wengine."

Alhamisi mama alimngoja mwalimu mpaka akachoka. Akaanza hesabu peke yake. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Mwishowe aliitupa kalamu mezani.

"Miaka tisa nimeosha sakafu ile!" alisema, kana kwamba alikuwa akibishana na mtu. "Wagonjwa wananiita dada, dada, nisaidie. Siruhusiwi hata kumpa mtu kidonge. Na hesabu hizi nazo zinanikataa!"

Benta alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema hivyo. Alifungua kinywa aseme, kisha akaenda kumlaza mtoto.

Kesho yake darasani hakusikia lolote. Kengele ya mapumziko ya saa nne ilipolia, alitoka mbio mpaka zahanati. Mama alikuwa ameinama na tambara mkononi.

"Mama, nisamehe," alisema, akamkabidhi barua.

Mama aliisoma akiwa amepiga magoti. Alipomaliza hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Benta kuliko fimbo. "Twende," alisema tu.

Walipitia nyumbani kuchukua cheti, wakamwomba jirani aliyeshinda na Methuselah aendelee kukaa naye, kisha wakakimbilia barabarani. Hawakupata gari upesi. Hatimaye Mzee Usman, aliyesafirisha vitunguu, aliwapakia katika lori lake. Njiani gurudumu likapasuka. Mama alisimama juani akilitazama lile gurudumu likibadilishwa, midomo ameibana. Benta alitamani amgombeze, yaishe.

Walipoingia ofisini ilikuwa saa nane na robo. Karani, mama mmoja wa makamo, alikuwa akizitia fomu katika bahasha kubwa.

"Muda umeisha, mama. Saa nane ni saa nane."

"Nakuomba, dada. Nimechelewa. Kosa ni langu."

"Si lake!" Benta alisema, machozi yakimtoka. "Ni langu. Mwalimu alinipa barua juzi, nikaificha. Nilikuwa nimekasirika."

Karani aliiweka bahasha mezani, akamgeukia mama. "Mbona hukusema ni mtoto?"

"Mtoto ni wangu," mama alijibu.

Karani aliguna. Akaitazama bahasha, akamtazama Benta. "Bado sijaifunga. Mngekuja dakika kumi baadaye mngenikuta mikono mitupu. Leta cheti."

Mama alitoa cheti, akatia sahihi.

Jioni ile nyumbani, ndipo mama aliposema. Alimkemea Benta kwa maneno makali, kisha wote wawili wakalia. Jumanne Mwalimu Emukule alipokuja na kuelezwa yote, alimwita Benta mezani.

"Kukasirika kwako si dhambi," alimwambia. "Mzigo ulikuwa mzito, na sisi watu wazima hatukuuona. Ungesema, 'Mwalimu, nimechoka,' tungekusikia. Kosa lako ni kuificha hasira, halafu ukaiacha ikufanyie kazi kwa siri. Karibu immeze mama yako mzima mzima."

"Nimekosa, Mwalimu."

"Umekosa, ndiyo. Lakini ulitamka mwenyewe, wakati bado kuna la kufanya. Ukweli nao una saa zake, mwanangu. Ukiuchelewesha sana, utaukuta mlango umefungwa, hata ukibisha kwa machozi."

Siku hiyo walipanga kazi upya. Sufuria zingeoshwa na mama kabla ya somo, na Methuselah angekaa mapajani mwa mwalimu. Mtoto aliutafuna ufutio wa mwalimu mwezi mzima. Mama aliendelea kukosea hesabu na kukasirika, na mara nyingine Benta ndiye aliyemwambia, "Jaribu tena, Mama."

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Apolot alikuwa amefaulu. Hesabu alipita kwa shida, lakini alipita.