Kiti cha Maximiliana

Gari dogo jekundu lilikuwa limemmeza Maximiliana, na sasa halikutaka kumtema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, msimu wa kuuza pamba, na yadi ya magari kando ya barabara ya Lamadi pale Bariadi mjini ilijaa watu waliokuja kupapasa magari wasiyokuwa na nia ya kuyanunua. Wote waliacha kupapasa wakamtazama yeye. Goti la kulia lilikuwa limebanwa chini ya usukani, kichwa kimelalia bega kwa kukosa nafasi, na gauni lake la kitenge cha njano chenye ndege wa bluu limenasa mlangoni. Keneth, muuza magari, alizunguka akitoa ushauri kama watu wanavyomshauri ng'ombe aliyezama kwenye tope.

"Dada, toa kwanza mguu."

"Upi?"

"Wowote utakaokubali."

Watu wakacheka. Maximiliana naye angecheka, kama si lile goti. Alikuwa afisa mifugo, mwanamke wa futi sita na inchi tatu, mwenye mwili uliotosha urefu wake, na tangu pikipiki ya kazini imwangushe njiani kwenda Lalago, goti hilo lilikunjika nusu tu. Daktari alimpiga marufuku kupanda pikipiki. Bosi wake akamwandikia barua: mwezi ukiisha bila kupata njia ya kufika vijijini, atahamishiwa Dodoma akakae mezani. Kumfungia ofisini mtu aliyelelewa zizini ni kumzika huku anapumua. Gari hili lilikuwa la sita kulijaribu. Waliochora magari madogo, nadhani, hawajawahi kufika Usukumani.

"Kilazeni kiti," sauti ikasema nyuma ya watu. "Kuna kishikio ubavuni, upande wa mlango."

Watu wakampisha mwanamume wa magongo mawili, miguu yake miembamba ikifuata nyuma taratibu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono imekunjwa, na mabega yake yalikuwa mapana ya mtu anayetembea kwa mikono. Aliegemea mlango, akaingiza mkono, akavuta. Kiti kikalala. Maximiliana akateleza kinyumenyume, akatoka.

Kisha akasimama. Akaendelea kusimama. Mwanamume yule alitarajia kumtazama usoni akajikuta anatazama kifungo cha kifuani, akapandisha macho, akayapandisha tena. Alishawaona twiga Serengeti, karibu kabisa, na hawakuwahi kumsahaulisha alichotaka kusema.

"Mwangaluka," alimsalimia hatimaye.

"Mwangaluka. Nashukuru sana, kaka."

"Naitwa Magese. Fundi viti vya magari."

Alipoingia kwenye gari lake na kuondoka, ikawa zamu ya Maximiliana kuduwaa. Miguu ya Magese ilikuwa imetulia sakafuni wakati gari linarudi nyuma, linapinda, linapita katikati ya mkokoteni na mama muuza nyanya bila kugusa hata jani. Maximiliana akapiga kelele asimame.

"Unaendesha na nini?"

"Na mikono." Akamwonyesha chuma kilichotokeza chini ya usukani. "Kusukuma ni breki, kuvuta ni mafuta. Nimekitengeneza mwenyewe. Leseni ninayo, na gari limekaguliwa. Aliyelikagua aliomba nimzungushe mara mbili."

"Na mimi nizungushe."

Ndani ya gari hilo, kwa mara ya kwanza mwezi ule, Maximiliana alinyoosha shingo. "Mbona humu ninaenea?"

"Gari halimkatai mtu, dada. Kiti ndicho kinachokataa. Na kiti kinashonwa."

Hivyo ndivyo walivyoanza kutafuta gari pamoja. Magese alimfundisha asikae garini kama anayepigwa picha. Akae dakika kumi, apeleke mguu kwenye breki na kuurudisha, ashuke na kupanda mara tatu. Jioni simu ya Maximiliana haikukosa kulia.

"Umekula, Mrefu?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nilikuwa nasubiri unikaribishe."

"Fundi, wewe ni mchokozi."

"Na wewe umecheka. Nimesikia."

Walipata gari la kijivu, la zamani, la otomatiki, milango mipana na paa la juu. Sura yake haikumvutia mtu. Magese aling'oa kiti cha dereva siku hiyohiyo, akasogeza reli zake nyuma shubiri nzima, kisha akamwita Maximiliana aje karakanani kupimwa.

Namna yake ya kupima haikutoka chuo chochote. Alikuwa na kasha pana la mbao alilolijaza pamba ya shambani kwao, mbegu zikiwa bado ndani. Mteja hukaa humo nusu saa bila kujitikisa. Pamba hushuka pale mwili unapolemea, na akinyanyuka, umbo lake hubaki. Magese hulitazama umbo hilo akakata sponji.

"Usicheke, utaharibu mgongo," alionya.

"Huo mgongo umeuangalia sana."

"Ni kazi."

"Kazi gani ya kumtazama mtu bila kupepesa?"

"Kazi nzuri," alisema Magese, na sauti yake haikuwa ya utani.

Aliponyanyuka wote wawili waliinamia kasha. Pale kwenye pamba palikuwa na mabega yake, nyonga zake, mapaja yake marefu, vyote vimetulia. Tangu darasa la tatu alikuwa akiambiwa ajisogeze, ajikunje, anaziba. Hakuwahi kuona mahali palipojitengeneza kwa ajili yake.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

Machozi yakamtoka. Alimpenda Magese pale pale, akatoka nje haraka asije akasema.

Siku tatu baadaye alirudi na sato wakubwa wa kutoka Lamadi, amevaa blauzi mpya. Magese hakuwepo. Kasha lilikuwa tupu, limefagiliwa.

"Ile pamba?" alisema Paschal, mchomea vyuma wa jirani. "Imepelekwa asubuhi kwenye chama cha ushirika. Imeshapimwa."

Maximiliana akapiga simu akiwa amesimama palepale.

"Magese, pamba yangu umeiuza?"

Magese alijua kilichotokea. Mama yake, Milembe, alikuwa amefika alfajiri kutoka Mkula, akaona pamba imelala kwenye kasha huku mizani inafanya kazi mjini. Mkulima gani huacha pamba ilale msimu wa kuuza? Akaishindilia kwenye gunia, akampa mwenye mkokoteni. Lakini kumtaja mama kwa mwanamke ambaye bado hajamsalimia ni kumvua nguo mzazi, na Magese hakulelewa hivyo.

"Ni kosa langu," alisema.

"Basi?"

"Ningelifunika kasha."

"Nilikaa mbele yako nusu saa, Magese. Sijawahi kukaa hivyo mbele ya mtu."

"Najua, mpenzi."

"Hujui," akakata simu.

Simu tisa zilizofuata hakuzipokea. Aliandika barua ya kukubali Dodoma, akaitia kwenye mkoba, aipeleke Ijumaa.

Alhamisi mchana aliingia ofisini mama mfupi, kitenge kiunoni na kingine mabegani, na kapu la viazi vitamu mkononi.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mayu. Karibu mama, ukae."

Mama hakukaa. Aliinua uso, akamwangalia Maximiliana kwa muda kama anayetazama mvua inakuja. "Kumbe ndiye wewe. Mimi ndiye niliyekupeleka kwenye mzani."

"Mama?"

"Mimi mama yake Magese. Niliona pamba, nikajua ni pamba. Ulitoka kilo kumi na tatu."

Maximiliana alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. "Mbona hakuniambia?"

"Anishtaki kwa mchumba wake? Mtoto niliyemzaa mwenyewe?"

"Mimi ni mchumba?"

"Kamuulize. Siku ya tatu leo chakula anakitazama tu, anashona."

Walimkuta karakanani, vipande vya sponji vimejaa kwenye nywele zake. Gari la kijivu lilikuwa limefunguliwa mlango. Kiti kilikuwa kimerudi mahali pake, ngozi nyeusi, uzi wa njano kama ule wa gauni la siku ya kwanza.

"Umekipima wapi?" aliuliza Maximiliana. "Pamba haikuwepo."

"Sikupima. Nilikuangalia nusu saa. Kila nikifumba macho ulikuwepo."

Akakaa. Mgongo ukapokelewa, kisha nyonga, kisha paja lote mpaka karibu na goti. Goti lenyewe likanyooka, mguu ukafika kwenye breki, ukarudi bila maumivu. Juu ya kichwa chake palibaki nafasi ya ngumi nzima. Alishika usukani kwa mikono miwili. Mtu alikuwa amembeba kichwani siku tatu, kila inchi yake, na hakuona hata moja ya kupunguza.

Alipogeuka kuficha macho, aliona kitu kwenye ubavu wa kiti cha abiria. Ndoano mbili za chuma, zimevikwa ngozi ileile.

"Hizi ni za nini?"

"Za magongo."

"Magongo ya nani?"

"Ya mtu atakayekaa hapo. Akikubaliwa."

"Kwenda wapi?"

"Kimali. Lalago. Popote penye ng'ombe mgonjwa, mpaka tuzeeke." Magese alipangusa sponji kichwani. "Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, Max. Ulipokaa yamepotea yote."

Maximiliana alifungua mkoba, akatoa ile barua, akampa mama kupitia dirishani.

"Mayu, utahitaji karatasi ya kuwashia moto wa viazi."

Mama Milembe hakuuliza imeandikwa nini. Aliisokomeza kwenye kapu.

Magese alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango, akakaa. Akatundika gongo la kwanza, kisha la pili. Maximiliana aliwasha gari, na Paschal akazima mashine yake ili atazame.

"Funga mkanda," alimwambia. "Kimali ni mbali."