Kilomita Arobaini za Luhende

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, Luhende. Nasema mapema ili msijisumbue kumtafuta, maana wapo watu wengine katika hadithi hii na sipendi washukiwe bure.

Mwaka 1995 nilikuwa darasa la sita, katika shule moja iliyojengwa juu ya mawe upande wa Ilemela. Kila asubuhi kabla ya kengele tulishuka na ndoo zetu mpaka ziwani, tukaingia majini hadi magotini, tukajaza, tukapanda tena mlima tukihema. Maji hayo tulioshea vyoo na kumwagilia bustani, na mwalimu akigeuza mgongo tuliyanywa pia. Humo humo ndimo tulimopatia kichocho. Mdogo wangu Wilhelmina, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa amepimwa na kukutwa nacho mara mbili. Daktari alimwambia mama kwamba vidonge vipo, lakini mtoto ataendelea kuugua ikiwa ataendelea kuingia majini kila siku.

Mwalimu wetu wa Sayansi, Mwalimu Dorotea, alitaka shule ipate tangi la kuvuna maji ya mvua. Mabati yalikuwepo, mafundi walijitolea, saruji ndiyo haikuwepo. Mgeni mmoja aliyepita shuleni alikuwa amemsimulia kwamba kwao watu huvuka jangwa kwa baiskeli, na majirani huahidi mchango kwa kila kilomita ili kusaidia jambo jema. Mwalimu akasema sisi jangwa hatuna, lakini mbuga za kuelekea Shinyanga wakati wa kiangazi zinatosha kabisa kumkausha mtu. Akampelekea wazo hilo Mzee Nkwabi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buzuruga, ambaye kwao ni huko huko mbugani.

Mzee Nkwabi alicheka, kisha akakubali. Alisema sisi tuna ziwa mbele ya mlango na bado tunalia maji, kwa hiyo twende kwanza tukawaone wasio nalo. Angetoa mfuko mmoja wa saruji kwa kila kilomita ishirini ambazo mmoja wetu angeendesha kwa miguu yake mwenyewe. Safari ilikuwa ya kilomita mia na ishirini, siku mbili, mpaka kijijini kwao. Tulikuwa wanane pamoja na Mwalimu. Mifuko sita kwa kila mtu, jumla arobaini na minane, na fundi alikuwa amesema hiyo ndiyo inayotosha. Ikipungua, tangi lingebaki bila mfuniko na kuwa makao ya mbu.

Kila mwendeshaji alitakiwa kufunga kwenye keria dumu la maji la lita kumi. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Jioni ya kuamkia safari, binamu yangu Masalu, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni, alilitazama dumu langu kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Siku hizi kila mtu anafanya biashara," alisema. "Wewe unaenda mbugani, ambako dagaa ni kama nyama ya sikukuu, halafu unabeba maji?"

Niliona ana akili kuliko wizara nzima. Nikalishusha dumu, nikafunga kiroba cha dagaa wakavu, nikakifunika kwa kanga ya mama. Maji nikachukua chupa moja. Visima vitakuwepo njiani, nilijiambia, kama vile mimi ndiye niliyevichimba.

Siku ya kwanza sina mengi ya kusimulia, kwa sababu nilichoona zaidi ni tairi la mbele. Tulipotoka kwenye barabara kuu tukaingia mbugani, udongo mweusi ulikuwa umepasuka na barabara ilikuwa na makorongo ya magurudumu ya malori. Upepo ulitoka mbele. Kiti cha baiskeli yangu ya kuazima kilikuwa kimetengenezwa, nadhani, na mtu asiyependa watu. Saa sita tulikuwa hatuongei tena. Visima viwili tulivyokuta vilikuwa na foleni ya akina mama waliokuwa wakichota matope kwa kata, na nilipowaona niliona haya hata kuomba. Tulilala katika darasa la shule moja, kila mtu na viatu vyake miguuni, maana kuvivua ilikuwa kazi nyingine.

Mwalimu alikuwa ametupanga wawili wawili, na kanuni ilikuwa wenza wasiachane. Mwenzangu alikuwa Rebeka wa darasa la saba, msichana mkimya, mwendo wake ule ule mlimani na tambarare. Chupa yangu iliisha mapema, kwa hiyo tangu mchana ule nilikuwa nikinywa maji yake. Aliniuliza mara moja tu kiroba kile kina nini. Nikamwambia ni nguo. Zilinuka dagaa, lakini aliendelea kukanyaga pedali.

Siku ya pili zilibaki kilomita sitini. Baada ya kama kumi na tano miguu yangu ilikataa. Haikuuma hata, ilikuwa tu kama ya mtu mwingine aliyekuwa amelala. Nikasikia nyuma yetu lori linakuja polepole, limejaa magunia ya pamba. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuzunguka vijijini, na malori yao yalipita kila mahali. Nikamwambia Rebeka cheni yangu imetoka, atangulie, nitamfikia. Alisitasita, akaenda.

Dereva hakutaka hela. Alinusa kiroba, akasema hicho kinatosha. Hivyo biashara yangu ya dagaa iliishia hapo, na mimi nikapandishwa juu ya pamba pamoja na baiskeli. Tulipompita Rebeka nililala kifudifudi. Nilimwona kwa upenyo wa magunia, mabega yake yakipanda na kushuka, dumu lake nyuma.

Tukawapita na wengine waliokuwa mbele, nami nikashushwa kilomita tano kabla ya kijiji. Nikajificha nyuma ya kichuguu mpaka Mwalimu na wenzangu walipopita wakiwa wamejaa vumbi, kisha nikawafuata kwa mbali. Kijijini Mzee Nkwabi alikuwa ametangulia na pikapu yake. Watu walitupokea kwa vigelegele, tukapewa uji, na waliokuja nami wakalala chini pale pale walipofika. Mwalimu akatia saini kadi yangu ya kuhesabia mwendo: kilomita mia na ishirini. Kisha akauliza Rebeka yuko wapi.

Nikasema yuko nyuma kidogo.

Ikapita saa moja. Ikapita nyingine. Jua lilikuwa la saa nane na barabara haikuwa na mtu. Mzee Nkwabi akaniuliza nimemwacha wapi. Nikasema karibu tu, penye kichuguu. Akawasha pikapu akaenda, akarudi peke yake, akasema amefika mpaka daraja bovu na hakuna mtu. Daraja bovu lilikuwa kilomita kumi kutoka kijijini. Nilijua Rebeka hawezi kuwa karibu vile. Kama hakuwa amefika mpaka saa ile, alikuwa amerudi kunitafuta, na angerudi hadi pale tulipoachana, kilomita arobaini na tano nyuma. Kadiri nilivyonyamaza, ndivyo walivyozidi kumtafuta mahali asipo.

Nikasema. Nilisema yote, pamba, dagaa na kichuguu, mbele ya watu, nikiwa bado nimeshika bakuli la uji. Mwalimu Dorotea hakunigombeza. Aliniambia nipande pikapu nikaonyeshe njia.

Tulimkuta pale pale tulipoachana. Alikuwa ameketi kando ya barabara, baiskeli imelala, midomo imepasuka. Baadaye alitueleza kwamba alienda mbele kilomita ishirini na tano akinisubiri kila baada ya muda, kisha akageuza. Njiani aliwauliza wachungaji wa ng'ombe kama wamemwona mvulana ameanguka. Nilishuka nikasimama mbele yake nisijue mikono niiweke wapi.

"Uko mzima?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

Akanisogezea dumu. "Kunywa basi. Nilikubakizia."

Nimewahi kuchapwa na walimu na nimewahi kuanguka juu ya mawe ya Ilemela. Hakuna kilichouma kama maji yale. Alinyoosha mkono akanitoa kipande cha pamba nywelini, akakitazama, akakitupa. Kisha akapanda pikapu, akalala kabla hatujaondoka.

Nitawaambia kabisa mwisho ulivyokuwa, msikae na wasiwasi. Tangi lilijengwa, na mfuniko wake. Mvua za vuli zililijaza, na Wilhelmina hakushuka tena ziwani na ndoo. Alimeza vidonge mara ya tatu na safari hiyo akapona akabaki amepona. Lakini jioni ile kijijini hakuna aliyejua hayo, na mimi, pamoja na aibu yangu yote, bado nilikuwa nabisha.

Mzee Nkwabi alikuwa amepiga hesabu. Rebeka, kwa kwenda na kurudi kumtafuta mtu aliyelala juu ya pamba, alikuwa ameendesha kilomita sitini na tano siku ile badala ya sitini, kwa hiyo mifuko yake sita ilikuwa halali. Mimi nilipungukiwa kilomita arobaini, yaani mifuko miwili. Nikamwambia Mwalimu kwamba tangi si langu, ni la watoto wote. Nikasema kunikata mifuko ile ni kuwaadhibu wadogo zangu kwa kosa langu, na mzee ana saruji duka zima, na nia ilikuwa njema. Wenzangu wawili wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliona nimesema vizuri.

Mwalimu Dorotea alikuwa ameketi kwenye kigogo, miguu yake imevimba, ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akasema nia njema haimpi mtu ruhusa ya kudanganya. Mzee Nkwabi hakuweka walinzi barabarani, alisema, aliweka imani kwetu. Na uongo wangu mdogo wa mifuko miwili nusura utugharimu Rebeka.

"Lakini Mwalimu," nikasema, "sasa hiyo mifuko miwili itatoka wapi?"

Akatoa mguu mmoja ndani ya beseni, akaukausha taratibu, ndipo akanitazama.

"Kilomita zako arobaini ziko pale pale ulipoziacha. Kesho asubuhi nenda kazichukue."